UZI: Mosquito FB.VI ya plastiki, skeli 1/48: ndege ya mbao, unyevu wa pwani na makosa yanayojirudia

#1 MsasaLaini (Dar)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaojenga modeli ya De Havilland Mosquito, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, hasa FB.VI (toleo la kupigana na kubeba mabomu) ya kampuni ya Tamiya ya 1/48, na zaidi wale walio pwani: Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Mosquito imepewa uzi wake kwa sababu haijengwi kama Spitfire wala Mustang. Zile ni bati la aluminiamu, hii ni mbao. Asiyelishika hilo tangu siku ya kwanza atamaliza modeli safi, mishono haionekani, lakini ngozi yake ni ya ndege nyingine.

Ya kweli iliundwa hivi. Kiwiliwili kilitengenezwa nusu mbili, kushoto na kulia, kila nusu ikikunjwa juu ya forma yake: plaiwudi nyembamba ya mti wa birch, juu yake balsa, juu yake plaiwudi tena, vyote kwa gundi, vinabanwa mpaka vikauke. Nyaya na mabomba viliingizwa nusu zikiwa bado wazi, ndipo zikafungwa pamoja. Kwa hiyo ukishika zile nusu mbili za plastiki unarudia kazi ileile iliyofanyika kiwandani Hatfield. Bawa nalo lilikuwa kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, likavikwa kitambaa na kupakwa dopu (rangi inayokaza kitambaa). Ya kwanza iliruka 25 Novemba 1940, na mpaka uzalishaji unakoma zilikuwa zimetengenezwa 7,781.

Kwa fundi wa modeli maana yake ni mbili. Kwanza, bawa na kiwiliwili havina ripiti. Mistari inayostahili kuonekana ni ya milango ya ukaguzi, mafuta, bunduki na sehemu zinazosogea. Mtu akichukua gurudumu la kuchora ripiti akalipitisha bawani ameharibu. Hata mistari iliyokuja na seti ni mizito kwa ndege ya mbao. Pulizia praima (rangi ya msingi) nzito mara mbili juu yake, subiri siku nzima, kisha msasa 1000 wa maji. Mstari unabaki kama kivuli, na ndivyo unavyotakiwa.

Pili, rangi ya Mosquito haibanduki ikaonyesha fedha. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanachovya sponji kwenye rangi ya aluminiamu na kudonoa kingo zote za bawa. Chini ya rangi ya bawa kuna kitambaa na mbao, fedha itoke wapi? Bati liko kwenye vifuniko vya injini, koni za propela na propela zenyewe. Donoa hapo, tena kidogo.

Vipimo vya kukagulia: mabawa ya kweli ni mita 16.51, kwa 1/48 ni sentimita 34.4. Andaa ubao wa sentimita 40 kwa 40 kabla ya kuanza.

#2 Kipanga72 (Mombasa)

Hapo kwenye fedha umegusa penyewe, mkuu. Naomba ufafanuzi: sehemu ya bawa karibu na kiwiliwili inayokanyagwa na mafundi, uchakavu wake uonekane vipi basi?

#3 MsasaLaini (Dar)

@Kipanga72 uchakavu wa pale ni wa uchafu na kufifia, si wa kubanduka. Chukua rangi ileile ya camouflage (mabaka ya kujificha), ongeza tone moja la kijivu chepesi kwa matone 8, thina nyingi, pulizia mawingu madogo bila mpangilio. Ikikauka, sugua unga wa pasteli ya kahawia kwa brashi kavu. Basi.

Nyongeza kuhusu mshono wa kiwiliwili, kwa sababu juu ya mgongo wa Mosquito hakuna kitu cha kuuficha. Usipake gundi kisha ukabana. Kutanisha nusu kavu, acha nafasi ya unene wa karatasi, gusisha brashi ya gundi nyembamba, ile inayokimbia yenyewe ndani ya mshono, kisha zibane taratibu mpaka plastiki iliyoyeyuka itoke kama uzi mwembamba. Uzi huo ndio filla (kijazio) yako. Uache saa 24 zitimie ndipo ukwangue kwa ubavu wa kisu, halafu msasa 400, 600, 1000. Ukisugua baada ya saa mbili, plastiki bado laini ndani. Itaendelea kunywea, na wiki moja baadaye mfereji unarudi juu ya rangi uliyomaliza.

#4 Bi_Mkasi (Tanga)

Wanaoanza chumba cha rubani, angalieni mambo mawili ambayo picha za mitandaoni huwachanganya. FB.VI ina kioo cha mbele bapa, na mlango wa kuingilia uko ubavuni kulia. Zile za kudondosha mabomu zilikuwa na kioo cha mbele chenye umbo la V, na mlango tumboni. Ukichukua picha ya ndani ya B.IV, mojawapo ya hizo za mabomu, ukajengea FB.VI, utaweka vitu pasipo pake. Rubani anakaa kushoto, mwongozaji njia kulia kwake na nyuma kidogo, kwa hiyo viti havilingani. Msivinyooshe mkidhani ni kosa la seti.

Rangi ya ndani ni ile kijani-kijivu ya Waingereza. Humbrol 78 inafaa. Kanopi (kioo kinachofunika chumba cha rubani) ya Mosquito ni kubwa na ndani kunaonekana kote, kwa hiyo mikanda ya viti isikosekane. Kipande cha tepu ya karatasi chenye upana wa milimita 1 kinatosha, kipakwe rangi ya mchanga.

Na tafadhali, supa gluu isisogee karibu na kanopi. Mvuke wake hutua kwenye kioo na kukifanya cheupe kama kimepigwa ukungu. Gundi hii hukazwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo huku kwetu hushika haraka na ukungu wake ni mwingi zaidi. Kanopi ibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, PVA, tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikikauka ni wazi kabisa, na ikikosewa inafutika kwa maji. Chupa ya supa gluu nayo ihifadhiwe ndani ya kopo lenye mfuniko mkali pamoja na vifuko vya silika jeli, la sivyo mwezi mmoja tu imekuwa nzito kama asali.

#5 RangiTatu (Nairobi)

Rangi kwa FB.VI za Ulaya: juu ni kijani iliyokoza na kijivu cha bahari, chini ni kijivu cha kati. Kwa Tamiya namba ni XF-81, XF-82 na XF-83, zimetengenezwa kwa ajili ya RAF (jeshi la anga la Uingereza), hakuna haja ya kuchanganya. Rangi sehemu 1, thina sehemu 1 hadi 1.5, kompresa bar 1 mpaka 1.2, eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi) yenye sindano ya 0.3. Anza na kijivu cha chini, kisha kijivu cha bahari, mwisho kijani.

Aliyekosa thina ya kampuni, rangi hizi za Tamiya zinakubali isopropili alkoholi ya duka la dawa. Lakini rangi za Vallejo hazitaki alkoholi hata kidogo: zinaganda kama maziwa yaliyokatika na kuziba eabrashi. Vallejo ni thina yake au maji. Na thina ya NC inayouzwa maduka ya rangi za magari isiguse plastiki tupu. Inayeyusha. Iweke kwa kusafishia eabrashi ya chuma tu, baada ya kutoa mipira ya ndani.

#6 Kipanga72 (Mombasa)

Shukrani. Sasa swali kubwa. Vanishi ya laka ikipulizwa huku, ndani ya dakika mbili inageuka nyeupe, hasa juu ya kijani. Thina ni ya kampuni ileile, uwiano uleule wa kwenye maelekezo. Tatizo ni nini?

#7 MzeeWaBalsa (Unguja)

@Kipanga72 tatizo ni hewa, mwanangu, si vanishi. Thina ya laka huyeyuka kwa kasi, na inapoyeyuka hupooza uso wa modeli. Uso ukipoa kuliko hewa yenye unyevu, maji yanatonea pale, kama yanavyotonea kwenye glasi ya maji ya baridi. Matone hayo madogo yananaswa ndani ya vanishi kabla haijafunga. Ndiyo weupe unaouona.

Usiisugue. Chukua thina ya taratibu peke yake, ile inayouzwa kama ya kusawazisha, pulizia ukungu mwepesi kutoka sentimita 15. Vanishi inalainika tena, maji yanatoka, weupe unaondoka. Mara nyingi mpuzo mmoja au miwili unatosha.

Ili lisijirudie, nunua kipima unyevu kidogo cha ukutani. Ikisoma zaidi ya asilimia 70, weka laka chini. Alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote ingawa kuna ubaridi na watu wanaipenda. Nafuu huanza kama saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni. Masika wala usijisumbue, labda uwe na chumba chenye kiyoyozi. Kiyoyozi kinakamua maji hewani, ndiyo yale yanayodondoka kwenye bomba la nje. Washa saa nzima kabla, modeli ikiwa humohumo, izoee.

Na hili la unyevu lina historia yake kwa ndege hii hii. Mosquito za kwanza ziliunganishwa kwa gundi ya kaseini, itokanayo na maziwa. Baadaye wakahamia gundi ya aina ya fomaldehaidi, Aerolite, inayostahimili maji zaidi. Zilipopelekwa India na Burma, mwishoni mwa 1944 baadhi zilivunjika mabawa angani, na Novemba zikazuiwa kuruka wakati wa uchunguzi. Waliofungua mabawa walikuta viungo ambavyo mbao hazikugusana sawasawa kiwandani, na sehemu ambazo ngozi ya juu ilikuwa imeanza kuachia kwa maji na joto. Watu walibishana kipi kilikuwa na uzito zaidi, ufundi mbovu au hali ya hewa. Tiba mojawapo ilikuwa utepe wa plaiwudi uliobandikwa kwa urefu wa bawa kufunika kiungo kisinywe maji. Wakati huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa kwetu, ilikuwa inashuka Bonde la Kabaw kwenye matope ya mvua zilezile.

Kwa hiyo anayejenga Mosquito ya Burma anaweza kuuonyesha utepe ule. Kipande cha tepu ya aluminiamu au plastiki ya milimita 0.13, kimekatwa kwa rula ya chuma, kimebandikwa na kupigwa praima. Kazi ya nusu saa, lakini anayeijua ndege akiinama kuiangalia atauona.

#8 RangiTatu (Nairobi)

Mzee umenifungulia njia, maana Mosquito za Burma zina rangi yake pia. Nyingi zilipakwa dopu ya fedha kote ili mwanga wa jua uakisiwe, mbao zisichemke. Hapa sasa fedha inaruhusiwa, lakini ni rangi ya fedha, si chuma kitupu. Msipige praima nyeusi ya kung'aa na zile rangi za kroma. Praima ya kijivu, kisha XF-16 ya Tamiya ikiongezwa tone 1 la kijivu chepesi kwa matone 10. Matokeo yawe fedha iliyofifia, sawa kila mahali, bila paneli moja kung'aa kuliko nyingine. Fedha inaonyesha kila mkwaruzo, kwa hiyo msasa ufike 2000.

Alama za duara za eneo lile hazina nyekundu. Ni buluu iliyokoza na buluu nyepesi, kwa sababu nyekundu ilihofiwa kufananishwa na duara la Wajapani. Ukiona seti ya dekali (alama za kubandika kwa maji) inayokupa duara lenye kitovu chekundu kwa skwadroni ya 45, 47, 82, 84 au 110 ya kipindi kile, iache.

#9 Sindano03 (Dar)

Naongezea upande wa kompresa, maana nusu ya malalamiko ya "rangi inatema" ni maji. Hewa ikibanwa inapata joto, ikipita kwenye mpira inapoa, na unyevu uliokuwa mvuke unakuwa tone. Kichujio kilichofungwa kwenye kompresa yenyewe kinapitisha hewa ikiwa bado ya moto, kwa hiyo maji yanatokea baada ya kichujio. Weka cha pili kidogo karibu na eabrashi, mwisho wa mpira, na mpira uwe mita 3 si mita 1. Tangi lifunguliwe koki ya chini kila baada ya kazi. Siku za masika kinatoka kikombe kizima. Ukisikia eabrashi inakohoa, elekeza pembeni papo hapo, fungua kichujio. Tone moja la maji kwenye rangi mbichi ni shimo lenye ukingo, na dawa yake ni msasa tu.

#10 Tai_Muscat (Muscat)

Assalaam aleikum. Huku kwetu kuna shida ya upande wa pili pia. Kiangazi ndani ya gereji nyuzi zinapita 40 na rangi ya akriliki inakauka hewani kabla haijafika. Uso unakuwa kama msasa. Dawa: matone 2 ya kichelewesho kwa kila mililita 5 ya mchanganyiko, bar ishuke hadi 0.8, na eabrashi isogezwe mpaka sentimita 8. Ncha ya sindano ifutwe kila dakika kwa pamba yenye thina. Ikishakuwa na chenga, subiri ikauke, pitisha msasa 2000 kwa maji, pulizia tena.

Naulizia mistari ya D-Day, ile nyeupe na nyeusi ya uvamizi wa Normandy. Kwenye maboksi naona upana tofauti tofauti.

#11 MsasaLaini (Dar)

@Tai_Muscat wa aleikum salaam. Kwa ndege za injini mbili kila mstari ulikuwa inchi 24, yaani sentimita 61. Gawa kwa 48 unapata milimita 12.7, kwa 1/72 ni 8.5. Ni mitano: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, jumla milimita 63.5 kwa 1/48. Inchi 18 ni za injini moja, na ndiyo inayowachanganya watu.

Usitumie dekali za mistari hii, hazikai vizuri zinapopita kwenye vifuniko. Pulizia nyeupe kwanza ukanda wote wa milimita 63.5, kabla ya camouflage, kwa sababu nyeupe juu ya kijani itahitaji tabaka tano na itakuwa nene. Ifunike kwa tepu sehemu tatu zitakazobaki nyeupe, pulizia nyeusi. Nyeusi isiwe nyeusi tupu, XF-69 ya Tamiya inatosha. Ndipo funika vyote na uendelee na kijivu na kijani. Mistari ya kweli ilipakwa kwa haraka siku moja mbili kabla ya 6 Juni 1944, wengine kwa brashi tu, kwa hiyo kingo zikiyumba nusu milimita ni sahihi kuliko zikinyooka kama rula.

Na hapa kuna kosa la tarehe. Wanaojenga ndege za shambulio la jela ya Amiens, Ufaransa, ile HX922 yenye herufi EG-F ya Pickard aliyeliongoza, wasiweke mistari hii. Shambulio lilikuwa 18 Februari 1944, miezi mitatu na zaidi kabla mistari haijakuwepo.

#12 Bi_Mkasi (Tanga)

Miguu ya magurudumu sasa. Ndege nyingi za kipindi kile zilikuwa na pistoni ya kung'aa kwenye mguu, na wajenzi wamezoea kubandika kipande cha foili pale. Mosquito haina. Ndani ya mguu mlipangwa vipande vya mpira vinavyobanwa, nje ni ganda tu. Hakuna pistoni ya kuonyesha. Paka rangi, maliza.

Kila gurudumu lina miguu miwili, kwa hiyo ni minne ya kulinganisha. Kata kipande cha kioo bapa, weka modeli juu yake gundi ikiwa bado laini, pima kwa rula kutoka kioo hadi ncha ya bawa kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 1, rekebisha hapohapo na egemeza kwa viberiti mpaka asubuhi. Ncha za propela ni njano inchi 4, kwa 1/48 ni milimita 2.1. Paka njano kwanza, funika, kisha nyeusi.

#13 Kipanga72 (Mombasa)

Weupe wa vanishi umeondoka kwa njia ya Mzee, shukrani sana. Sasa dekali: baadhi ya herufi za ubavuni zina ung'avu wa kifedha pembeni ingawa zimelowekwa vizuri, na karatasi nyingine imeanza kuwa njano.

#14 RangiTatu (Nairobi)

@Kipanga72 ung'avu ule ni hewa iliyonaswa chini. Rangi kavu isiyong'aa ina vinundu, dekali inalala juu ya vinundu badala ya kushika chini. Ndiyo maana vanishi ya kung'aa inatangulia, mipuzo 2 au 3, isubiri saa 24. Dekali kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 20 hadi 30, toa, iache dakika moja juu ya taulo mpaka iteleze yenyewe. Micro Set (dawa ya kuishikisha) chini, iteleze mahali pake, kamua maji kutoka katikati kwenda nje, kisha Micro Sol (dawa ya kuilainisha) juu. Itajikunja kama imeharibika, usiiguse, itajinyoosha. Zilizokwisha kung'aa: toboa kwa ncha ya sindano mara kumi hivi, tone la Micro Sol, subiri, rudia.

Karatasi ya njano ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, siku 4 hadi 7. Jua linaing'arisha. Kabla ya kuilowesha, kata kipande kisichohitajika ukijaribu. Kikisambaratika majini, pulizia karatasi nzima tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa, na baada ya hapo kila herufi uikate kwa kuifuata ukingo, kwa kuwa filamu sasa ni moja.

#15 MzeeWaBalsa (Unguja)

Na dekali zisikae ndani ya boksi la seti huku pwani. Mfuko wa zipu, kifuko cha silika jeli cha gramu 10, ndani ya kopo la plastiki. Silika yenye rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Iweke kwenye sinia, oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, rangi ya chungwa ikirudi irudishe koponi ikiwa bado vuguvugu.